Hazina Mbili za Nje, Seva Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Vifurushi Vilivyogongana Wiki ya Mitihani

Mandhari ya kisa

Kisa hiki kilitokea mwaka 2023 katika chuo cha kati kimoja cha Afrika Mashariki. Jina la chuo, mji wake na watu waliohusika vimeachwa nje, na siku zimetajwa kwa majina ya juma tu, kwa sababu lengo ni kujifunza kutokana na yaliyofanyika bila kumtafuta mwenye kosa. Mwandishi alikuwa miongoni mwa walioshiriki kuitengeneza seva, hivyo lawama atakazozisoma msomaji hapa zinamgusa na yeye.

Chuo kilikuwa na seva moja iliyobeba mfumo wa masomo wa Moodle, toleo la 4.1, juu ya mfumo endeshi wa Ubuntu 20.04. PHP, lugha ambayo Moodle imeandikwa kwayo, ilikuwa ya 7.4 na hifadhidata ilikuwa PostgreSQL 12, zote zikitoka katika hazina rasmi za Ubuntu, yaani maghala ya mtandaoni ambako seva huchukua programu zake. Mpangilio huo ulikuwa sahihi kabisa, kwani Moodle 4.1 inakubali PHP kuanzia 7.4 hadi 8.1, na PostgreSQL kuanzia 12. Hapakuwa na jambo lolote kwenye seva hiyo lililohitaji hazina ya nje. Msomaji ashike hapo, kwa maana yote yaliyofuata yalizaliwa na mahitaji ambayo, tulipokuja kuyachunguza baadaye, tulikuta Ubuntu yenyewe ingeweza kuyatimiza.

Kwa asiyezoea kazi hizi, inafaa kueleza namna apt, programu ya Ubuntu ya kusakinisha na kusasisha vifurushi vya programu, inavyofikiri. Kila hazina iliyoandikwa kwenye seva huleta orodha yake ya vifurushi. Apt huzichanganya orodha hizo zikawa moja, kisha kwa kila jina la kifurushi huchagua toleo lenye namba kubwa zaidi, kwa kuwa hazina zote za kawaida huhesabiwa kwa uzito uleule wa 500. Apt haijui kwamba wewe uliiongeza hazina fulani kwa ajili ya kifurushi kimoja tu. Ukishaipokea hazina, umeipa sauti juu ya kila jina ililo nalo, pamoja na majina ambayo hukuyafikiria.

Hazina ya kwanza: PostgreSQL

Mwezi Machi mshauri wa nje alipewa kazi ya kuunda mfumo mdogo wa ripoti kwa ofisi ya msajili, ulioandikwa kwa Python na kusoma moja kwa moja kutoka kwenye hifadhidata ya Moodle. Alizoea kutumia psql, programu ya kuzungumza na PostgreSQL kutoka mstari wa amri, ya toleo la 15, na ili aipate akaongeza hazina ya mradi wa PostgreSQL wenyewe, apt.postgresql.org, ambayo ni hazina inayoheshimika na inayotunzwa vizuri. Akasakinisha postgresql-client-15, na kwa mazoea mema ya usafi akaendesha pia amri ya kusasisha vifurushi vyote. Wiki mbili baadaye kazi ilipoisha, alirudi akaifunga hazina ile kwa kuweka alama ya maoni mbele ya mstari wake. Alidhani ameiacha seva kama alivyoikuta, na sisi tulidhani hivyohivyo.

Hazina ya pili: PHP

Miezi michache baadaye mitihani ya kati ya muhula ilikaribia. Mwenzetu mmoja wa kitengo cha TEHAMA alikuwa na wazo zuri la kuhamishia vikao vya watumiaji kwenye Redis, ghala la data linalokaa kwenye kumbukumbu ya seva, ili hifadhidata ipumue pale mamia ya wanafunzi watakapoingia kwa pamoja. Alifuata mwongozo mmoja wa mtandaoni ambao hatua yake ya kwanza ilikuwa kuongeza PPA (hazina binafsi ya vifurushi vya Ubuntu) ya ondrej/php. Hazina hii ni mashuhuri mno miongoni mwa watumiaji wa Ubuntu, na hutunzwa na Ondřej Surý, ambaye pia ni mmoja wa wasanidi wa Debian, mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake, wanaoshughulikia PHP. Faida yake ni kwamba inakuwezesha kuwa na matoleo kadhaa ya PHP kwenye seva moja kwa wakati mmoja. Faida hiyohiyo ndiyo iliyotupotosha, ingawa hazina haikuwa na kosa: ilifanya kile inachosema inafanya.

Alhamisi jioni mwenzetu aliendesha amri tatu kwa mfuatano:

add-apt-repository ppa:ondrej/php
apt upgrade
apt install php-redis

Alifungua tovuti, akaiona inafanya kazi, akaenda nyumbani.

Yaliyotokea, kwa mfuatano

Ijumaa asubuhi mitihani ilifunguliwa. Tovuti ilikuwa nyepesi na hapakuwa na malalamiko yoyote. Mwenzetu alitazama ukurasa wa taarifa za PHP akaona kwamba Redis haionekani kabisa upande wa tovuti. Akaamua, kwa busara iliyokuja ikiwa imechelewa siku moja, asiguse tena kitu chochote hadi mitihani iishe.

Jumamosi ikapita, Jumapili ikapita.

Jumatatu saa tatu asubuhi walimu watatu walipiga simu ndani ya nusu saa. Mmoja alisema kwamba karatasi za wanafunzi wake kadhaa bado zinaonekana zinaendelea, ilhali mtihani ulifungwa tangu Ijumaa jioni. Wa pili alisema tangazo aliloliweka kwenye jukwaa la kozi usiku wa Alhamisi halikumfikia mwanafunzi yeyote kwa barua pepe. Wa tatu alitaka tu kujua kama mfumo una virusi.

Malalamiko hayo yalielekeza mahali pamoja. Moodle ina kazi nyingi ambazo hazifanywi na kurasa za tovuti. Hufanywa na hati ya cron.php, inayopaswa kuendeshwa kila dakika kutoka mstari wa amri na cron, kipangaratiba cha seva. Mwanafunzi ambaye kivinjari chake kiko hewani muda unapokwisha huwasilishiwa karatasi yake papo hapo na ukurasa wenyewe. Lakini aliyekatikiwa na mtandao, au aliyeishiwa bando katikati ya swali la nane, husubiri cron imwasilishie. Kwa hiyo waliokwama hawakuwa wengi, na walikuwa wale hasa ambao mazingira yalikuwa yameshawaonea.

Tulipoiendesha cron kwa mkono, ilikataa mara moja kwa kudai kwamba PHP haina kiendelezi (moduli ya ziada) cha kuzungumza na PostgreSQL. Tovuti ilikuwa ikizungumza na PostgreSQL wakati huohuo bila shida. Mkanganyiko huo ulitupotezea karibu saa nzima, hadi mmoja wetu alipoandika php -v na kuona 8.2 badala ya 7.4.

Sababu ilikuwa hii. Katika hazina rasmi ya Ubuntu 20.04, jina php-redis humaanisha kiendelezi cha PHP 7.4, kwa sababu hilo ndilo toleo pekee lililopo. Katika PPA, jina hilohilo lisilo na namba humaanisha kiendelezi cha PHP ambayo hazina inaichukulia kuwa ya kawaida, na wakati ule ilikuwa 8.2. Kusakinisha php-redis kukaleta php8.2-redis, nayo ikavuta php8.2-common na php8.2-cli. Mfumo wa update-alternatives, unaoamua jina fupi php liende wapi, huipa kila PHP alama inayolingana na toleo lake: 74 kwa 7.4 na 82 kwa 8.2. Usipoushikilia kwa mkono, huchagua alama kubwa. Kuanzia Alhamisi jioni, Apache iliendelea na moduli yake ya 7.4, huku mstari wa amri, na cron pamoja nao, ukihamia kwenye 8.2 ambayo haikuwa na kiendelezi cha hifadhidata. Viendelezi vya 7.4 hukaa katika /usr/lib/php/20190902 na vya 8.2 katika /usr/lib/php/20220829, na upande mmoja hauwezi kuazima vya mwingine. Ndiyo maana pia Redis haikuonekana kwenye tovuti: ilikuwa imesakinishwa upande wa pili wa nyumba.

Na kwa nini hakuna aliyejua kwa siku nne? Mstari wa cron uliishia na >/dev/null 2>&1. Kila dakika, kwa siku nne, seva ilikuwa ikieleza tatizo lake kwa maneno yanayoeleweka, na sisi tulikuwa tumeiagiza iyatupe. Ukurasa wa taarifa za msimamizi ndani ya Moodle nao huonya pale cron inaposimama, lakini wiki ile hapakuwa na aliyeufungua.

Huduma ya kwanza

Zilikuwapo njia mbili za haraka. Ya kwanza ilikuwa kusakinisha php8.2-pgsql na viendelezi vingine vilivyokosekana, ili cron ifanye kazi kwenye 8.2. Ilivutia, maana ni amri moja. Tuliikataa kwa sababu Moodle 4.1 inaishia PHP 8.1, tungekuwa tumeponya kosa la wazi kwa kuweka kosa la siri, tena kwenye programu inayogusa alama za wanafunzi. Njia ya pili ilikuwa kurudisha mstari wa amri kwenye 7.4, na ndiyo tuliyoichukua. Tulichukua kwanza nakala ya mashine pepe nzima, kisha tukaelekeza jina php kwenye /usr/bin/php7.4 kwa update-alternatives --set, na juu ya hilo tukaandika njia kamili ya php7.4 ndani ya mstari wa cron, ili siku nyingine jina fupi likihama, cron isihame nalo.

Uamuzi wa pili ulihitaji utulivu zaidi. Cron iliyolala siku nne ikiamshwa ghafla hufanya kila kitu kwa pamoja, na hatukujua ni barua ngapi za zamani zingemiminika kwa wanafunzi. Tulizima barua pepe kwa muda kwa $CFG->noemailever, kisha tukaendesha kazi moja tu, ile ya kumalizia karatasi zilizopitiliza muda:

php7.4 admin/cli/scheduled_task.php --execute='\mod_quiz\task\update_overdue_attempts'

Karatasi zilizokwama ziliwasilishwa, na tulipozikagua moja moja pamoja na walimu tuliona kwamba muda wa kumaliza uliorekodiwa ulikuwa ule wa kufungwa kwa mtihani, wala si wa Jumatatu. Hakuna mwanafunzi aliyeonekana kuchelewa. Hapo ndipo tuliporuhusu cron kamili, na baadaye barua pepe.

Matangazo ya jukwaani hayakupona yote. Moodle huacha kutuma kwa barua pepe ujumbe wa jukwaa uliozidi siku mbili, ili cron iliyolala muda mrefu isije ikawafurikia watu kwa habari zilizopitwa na wakati. Ni kanuni nzuri, lakini kwetu ilimaanisha kwamba yote yaliyoandikwa kati ya Alhamisi usiku na Jumamosi asubuhi hayangefika kamwe. Tuliwaandikia walimu orodha ya matangazo hayo na kuwaomba wayaweke upya. Wawili hawakufanya hivyo.

Tulichokikuta tulipochimba zaidi

Kufikia Jumatatu alasiri huduma ilikuwa imerudi, na ingewezekana kuishia hapo. Lakini wiki hiyohiyo mfumo wa ripoti wa msajili ulihitaji kujengwa upya, na apt ilikataa kusakinisha libpq-dev, kifurushi cha kujengea programu zinazozungumza na PostgreSQL, kwa maelezo kwamba kinahitaji libpq5, maktaba yenyewe ya mazungumzo hayo, ya 12 wakati seva ina ya 15. Hazina ya PostgreSQL ilikuwa imefungwa tangu Machi. Je, hiyo ya 15 ilitoka wapi?

Tulipitia /var/log/apt/history.log mstari kwa mstari, na kwa kila kifurushi chenye shaka tukaendesha apt-cache policy, amri inayoonyesha kifurushi kina toleo gani, kila hazina inatoa toleo gani, na kwa uzito gani. Tuliorodhesha pia vifurushi ambavyo apt inavitambulisha kwa neno local, yaani vilivyomo kwenye seva lakini toleo lake halimo katika hazina yoyote iliyo wazi. Kwa maoni yangu sehemu hii ndiyo yenye mafunzo kuliko zote, kwa kuwa ilituonyesha kwamba kufunga hazina hakuondoi kilichokwisha kuingia, na kwamba vilivyoingia havina hatima moja.

Tuanze na hifadhidata yenyewe. Mshauri alitaka psql tu, lakini hazina ya PostgreSQL ina pia PostgreSQL 12 kamili. Kifurushi cha Ubuntu kilisomeka 12.14-0ubuntu0.20.04.1, na kile cha mradi 12.14-1.pgdg20.04+1. Kabla ya kistari namba ni zilezile. Baada ya kistari, apt inalinganisha 0 na 1, na 1 inashinda. Kwa hiyo amri ile ya usafi ya mwezi Machi ilibadilisha injini ya hifadhidata ya chuo kizima ikaweka iliyojengwa na watu wengine, kwa ushindi wa tarakimu moja, bila mtu yeyote kuikusudia. Bahati yetu ni kwamba kidonda hiki kilijifunga chenyewe: mwezi Mei mradi ulitoa 12.15, Ubuntu nayo ikaileta, na kwa kuwa 12.15 ni kubwa kuliko 12.14 kwa vyovyote vile, seva ilirudi kwenye kifurushi cha Ubuntu kupitia masasisho ya kawaida ya usalama.

Libpq5 haikuwa na bahati hiyo. Hazina ya PostgreSQL hutoa maktaba hii kutoka toleo jipya kabisa la mradi, hata kwa anayetumia hifadhidata ya zamani, kwa sababu maktaba mpya huzungumza na seva za zamani bila tatizo. Ikaingia 15.2. Ubuntu 20.04 itabaki na mfululizo wa 12 maisha yake yote, hivyo haitaipita 15.2 kamwe. Programu zilizokuwa zikiitumia hazikulalamika, maana zinadai tu toleo lisiwe chini ya kiwango fulani. Libpq-dev peke yake ndiyo hudai libpq5 yenye namba ileile kamili, na ndiyo maana mgogoro ulijificha tangu Machi hadi siku ya kujenga.

PHP ilikuwa mbaya zaidi. Ile apt upgrade ya Alhamisi ilikuwa imechukua pia PHP 7.4 yenyewe, ikaitoa 7.4.3 ya Ubuntu na kuweka 7.4.33 ya PPA. Mtu anaweza kusema hilo ni jambo jema, kwani 33 ni mpya kuliko 3. Lakini mradi wa PHP ulikuwa umeacha kuitunza 7.4 tangu Novemba 2022, ilhali Ubuntu iliendelea kuziba mianya ya usalama katika 7.4.3 yake bila kubadilisha namba ya mbele. Kwa macho ya apt, kiraka chochote ambacho Ubuntu ingekitoa kingekuwa 7.4.3, kwa hiyo kidogo kuliko 7.4.33, kwa hiyo cha kupuuzwa. Isitoshe, unattended-upgrades, inayosasisha seva usiku, kwa mpangilio wake wa awali hukubali masasisho kutoka Ubuntu pekee na haigusi PPA. Tulikuwa tumekitoa kifurushi kinachotunzwa kila usiku tukaweka ambacho hakuna mkono ungekifikia bila mtu kukumbuka.

Kulikuwa pia na maktaba za pamoja. PPA huleta libpcre2-8-0 ya kwake kwa ajili ya PHP, lakini maktaba hiyo hutumiwa na programu nyingine, git ikiwamo. Haikuvunja chochote kwetu. Naitaja kwa sababu inaonyesha jinsi hazina ya PHP inavyoweza kufika kwenye programu isiyo na uhusiano wowote na PHP.

Njia tatu mezani

Jumanne tulikaa na mkuu wa kitengo kuamua mwisho wake. Njia ya kwanza ilikuwa kurudisha kila kitu kwenye vifurushi vya Ubuntu. Ya pili ilikuwa kubaki na PPA huku tukiiwekea mipaka. Ya tatu ilikuwa kuhamia seva mpya yenye Ubuntu 22.04, ambayo hazina zake rasmi zina PHP 8.1 na PostgreSQL 14, zote zikikubaliwa na Moodle 4.1.

Njia ya pili inastahili maelezo, ingawa hatukuichukua kwa seva hii, kwa sababu ndiyo itakayomfaa mtu mwenye haja ya kweli ya hazina ya nje. Faili fupi katika /etc/apt/preferences.d/ hubadilisha uzito wa hazina:

Package: *
Pin: release o=LP-PPA-ondrej-php
Pin-Priority: 100

Kwa uzito wa 100, hazina hubaki wazi lakini sauti yake hushuka chini ya ile ya Ubuntu. Kifurushi ambacho Ubuntu inacho kitachukuliwa kutoka Ubuntu hata kama PPA ina namba kubwa. Ambacho Ubuntu haikuwa nacho, kama php8.1-cli kwenye 20.04, kiliweza wakati ule kuombwa kwa jina na kuendelea kusasishwa kutoka PPA. Faili hii ingewekwa kabla ya apt upgrade ya kwanza, karibu kila kilichoelezwa hapo juu kuhusu PHP kisingetokea. Ikiwekwa baadaye, haisaidii sana, kwa sababu uzito wa 100 haurudishi nyuma kilichokwisha kupanda. Ili apt ikubali kushusha toleo, uzito lazima ufikie 1000 au zaidi, na namba hiyo si ya kuachwa kwenye faili ikasahauliwa.

Tuliamua kuchukua njia ya kwanza wikendi ileile na ya tatu wakati wa likizo. Hoja iliyotushawishi ilikuwa rahisi: kila tulichokitaka kutoka hazina za nje kilikuwapo ndani. Ubuntu 20.04 ina php-redis yake kwa PHP 7.4. Mfumo wa ripoti ulitosheka na maktaba ya 12. Na psql ya 15 ilikuwa mazoea ya mtu mmoja, tena aliyekwisha kuondoka.

Utekelezaji na matokeo

Tulifanya kazi yote kwanza kwenye nakala ya mashine pepe, na kila amri ikatanguliwa na -s, inayoifanya apt ieleze itakachofanya bila kukifanya. Tuliondoa vifurushi vya php8.2 kwa majina, kisha tukatumia ppa-purge kuifunga PPA na kuvishusha vifurushi vyake virudi kwenye matoleo ya Ubuntu. Libpq5 tuliishusha kwa kutaja namba kamili ya toleo pamoja na --allow-downgrades. Apt ilionya kwamba kushuka huko kutaondoa postgresql-client-15. Tulisoma orodha hiyo mara mbili, tukahakikisha kwamba postgresql-12 na php7.4-pgsql hazimo, ndipo tukakubali.

Kwenye nakala, jaribio la kwanza lilishindwa: tulianza na ppa-purge kabla ya kuondoa php8.2, ikabaki nusu ya vifurushi visivyo na mahali pa kushukia, na apt ikagoma kuendelea. Tulirudisha nakala na kugeuza mpangilio. Usiku wa Jumamosi kazi halisi ilichukua chini ya saa moja, pamoja na muda wa kubishana kuhusu chai.

Baada ya hapo, apt install php-redis ilileta kiendelezi cha 7.4, Redis ikaonekana upande wa tovuti, na wazo zuri la mwenzetu likatimia kwa amri moja, bila hazina yoyote ya ziada. Libpq-dev ilisakinishwa bila swali. Wakati wa likizo mfumo ulihamishiwa Ubuntu 22.04, hifadhidata ikisafirishwa kwa pg_dump na pg_restore.

Uchambuzi

Kilichotuokoa kwanza ni kumbukumbu za apt. History.log huandika amri iliyotolewa, saa yake, na kila kifurushi kilichopanda au kuingia. Bila faili hilo tungebaki kuulizana nani alifanya nini, swali ambalo katika ofisi ndogo huharibu zaidi ya linavyofichua. Mwenzetu alikumbuka kwa uaminifu kwamba alisakinisha kiendelezi kimoja. Hakudanganya. Alisakinisha kimoja, na apt ikasasisha vingine vingi ambavyo orodha yake ilipita kwenye skrini kabla hajabonyeza Y.

Kilichofaulu pili ni kutenganisha huduma ya kwanza na tiba. Jumatatu tuligusa vitu viwili tu, jina php na mstari wa cron, na vyote vilikuwa vya kurudishika kwa sekunde. Shinikizo la kusafisha kila kitu siku ileile lilikuwa kubwa, na naamini tungelitii tungevunja seva katikati ya mitihani, kama jaribio letu la kwanza kwenye nakala lilivyoonyesha.

Upande wa makosa, sioni kama kuongeza PPA lilikuwa kosa kubwa. Kosa lilikuwa kutouliza kwanza apt-cache policy php-redis, amri isiyobadilisha kitu, ambayo ingejibu kwamba kifurushi kipo tayari. Kosa jingine lilikuwa apt upgrade katikati ya amri zile tatu. Miongozo mingi huiweka hapo kwa mazoea, mara tu baada ya kuongeza hazina, na hakuna wakati mbaya zaidi wa kuiendesha, kwa kuwa ndipo hazina mpya inapopata nafasi ya kuchukua kila jina inaloweza kulichukua. Mshauri wa Machi alifanya lilelile. Watu wawili wasiofahamiana, miezi michache mbali, walijikwaa kwenye jiwe moja. Hilo linatuambia kwamba tatizo ni la utaratibu.

Majina yasiyo na namba nayo yanahitaji tahadhari. Penye hazina yenye matoleo mengi, php-redis na php7.4-redis ni ahadi mbili tofauti: ya kwanza hufuata uamuzi wa mtunza hazina, ya pili hufuata uamuzi wako.

Nina shaka zaidi kuhusu mshauri. Alifunga hazina alipomaliza, jambo ambalo wengi hawafanyi, na bado hilo ndilo lililotuficha tatizo. Hazina ikiwa wazi, angalau apt-cache policy huonyesha kifurushi kimetoka wapi. Ikifungwa bila kushusha vifurushi vyake, hubaki yatima wasiosasishwa na yeyote. Wenzangu wawili wanaona kwamba kufunga ni bora kuliko kuacha wazi. Mimi naona kwamba kufunga nusu kuna hatari yake. Hatujakubaliana.

Jambo la mwisho ni la funguo. Kwenye Ubuntu 20.04, ufunguo wa PPA huwekwa katika /etc/apt/trusted.gpg.d, mahali ambapo huaminiwa kwa hazina zote, si kwa ile tu iliyouleta. Kwenye seva mpya kuna hazina moja ya nje, ya programu ya kufuatilia afya ya seva. Mstari wake una signed-by inayoufunga ufunguo wake kwa hazina hiyo pekee, uzito wake ni 100, na juu ya faili yake kuna mistari mitatu ya maoni: nani aliiongeza, kwa ajili ya kifurushi gani, na amri za kuiondoa pamoja na vilivyoingia nayo. Mstari wa cron sasa huandika kwenye faili ya kumbukumbu. Mwezi wa kwanza faili hilo lilijaa hadi likatuletea tahadhari ya diski, kwa sababu tulisahau kuliwekea logrotate, programu inayozungusha na kufuta kumbukumbu za zamani.